Kwenda Mbio Barabarani: Lini Ni Wajibu, Lini Ni Kosa?

Kutoka Arua hadi Koboko ni safari ya kilometa zipatazo 55. Zamani, barabara hiyo ilipokuwa ya udongo mwekundu, msafiri alimeza vumbi wakati wa kiangazi na kusukuma gari wakati wa mvua. Leo ni lami, tangu Vurra iliyo mpakani mwa Kongo, kupitia Arua, Maracha na Koboko, hadi Oraba iliyo mpakani mwa Sudan Kusini. Jumla yake ni kilometa 92, na ilijengwa katika muongo wa 2010 kwa fedha za Benki ya Dunia. Wananchi wa West Nile waliingoja kwa miaka mingi, na faida zake zaonekana kwa macho. Mazao hufika sokoni kabla hayajaharibika, malori yaendayo Juba hupita usiku na mchana, na mgonjwa ambaye zamani alitaabika njiani kwa saa nyingi sasa hufika hospitali kabla saa moja haijatimia.

Lakini pamoja na faida hizo, lami imeleta mwendo. Dereva ambaye zamani mashimo yalimzuia asipite kilometa 50 kwa saa, leo hana wa kumzuia ila dhamiri yake na askari wa trafiki. Na askari wa trafiki hawezi kuwapo kila mahali. Ndipo lilipozuka swali ambalo tumelisikia likijadiliwa katika vijiwe vya bodaboda, katika mabasi ya Kampala, hata mezani mwa maofisa: je, yawezekana mtu kupita kwa mbali mwendo uliowekwa na sheria, na bado akastahili kuitwa dereva mwenye kujali wajibu? Wengine hujibu upesi kwamba haiwezekani kamwe. Wengine hujibu upesi kwamba yawezekana, na mfano wanaoutoa aghalabu ni wao wenyewe. Sisi twaona kwamba swali hili halifai kujibiwa upesi, kwa sababu siku moja tulilazimika kulijibu tukiwa ndani ya gari, na jibu letu nusura lituletee msiba.

Yaliyotupata njiani

Tulikuwa Koboko kwa kazi za kikosi. Mke wa askari mmoja alikuwa amejifungua asubuhi katika zahanati ndogo, mtoto akiwa salama, lakini damu ya mama haikukatika. Mkunga alipoona hali inazidi kuwa mbaya, alisema kwamba lazima mama afikishwe Arua upesi, kwa kuwa alihitaji kuongezwa damu na pengine kupasuliwa. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini kwingine. Gari lililokuwapo ni letu, pikapu ya kijeshi isiyo na king'ora wala taa ya hatari. Tukamlaza mama nyuma juu ya godoro. Mkunga akaketi ubavuni pake ameshika chupa ya dripu, na mume wake akampakata kichwa. Dereva wetu, koplo mwenye miaka mingi usukanini, aliwasha gari, kisha akatugeukia akauliza: "Afande, twende mwendo gani?"

Swali lile halikuwa la woga. Katika jeshi, dereva ndiye ashikaye usukani, lakini mwenye cheo cha juu aliyeketi kando yake ndiye kamanda wa gari, naye ndiye atakayejibu kwa lolote litakalotokea. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa tangu chuo cha makadeti. Tukamjibu kwa neno moja: "Kanyaga."

Mshale ulipita 100, ukapita 120, ukagusa 140. Kwa muda tulijiona kuwa tunatenda jambo jema kabisa. Tulipoingia wilaya ya Maracha ilikuwa siku ya soko. Mvulana wa miaka kama kumi na miwili alikuwa ukingoni mwa barabara na baiskeli yenye majerikani mawili ya maji. Alitazama upande wetu, akaona gari liko mbali, akaanza kuvuka. Hakukosea, kutoka pale tulipokuwa, gari liendalo mwendo wa halali lingemwachia nafasi ya kutosha. Koplo akakanyaga breki kwa nguvu zake zote, gari likayumba, na pembe ya bampa ikalipiga gurudumu la nyuma la baiskeli. Mvulana akatupwa mtaroni, majerikani yakapasuka, maji yakamwagika juu ya lami.

Mungu alimhifadhi. Alivunjika mkono, lakini uhai wake ukabaki. Nyuma ya gari mkunga alikuwa ameanguka, na sindano ya dripu imechomoka mkononi mwa mgonjwa. Tulikaa pale zaidi ya dakika ishirini, tukimfunga mvulana mkono, mkunga akiutafuta mshipa upya, na wananchi waliokusanyika wakitutaka maelezo, tena kwa haki yao. Tuliondoka Maracha na wagonjwa wawili badala ya mmoja, pamoja na baba wa mvulana. Tulifika Arua tumechelewa kuliko ambavyo tungechelewa kama tungekwenda kilometa 80 kwa saa njia nzima.

Mama yule alipona. Baadaye mkunga alitueleza bila kutuficha kwamba kilichomwokoa si mbio zetu. Kwanza ni mikono yake mwenyewe, aliyoikandamiza tumboni mwa mama karibu njia nzima ili kizazi kikaze. Pili ni simu aliyoipiga kabla hatujaondoka Koboko kueleza hali ya mgonjwa na kundi lake la damu, hata tukafika damu ikiwa tayari. Mume wa mama alitushukuru. Baba wa mvulana hakutushukuru, wala hakututukana. Alituuliza jambo moja tu: "Afande, huyu naye si mtoto wa mtu?" Tuliandika taarifa kwa mkuu wetu, tukaeleza wazi kwamba amri ilikuwa yetu, si ya dereva, na baiskeli tuliilipa. Lakini swali la mzee yule halikuwa na mahali pa kujibiwa ndani ya taarifa. Makala haya ni jitihada ya kulijibu.

Hesabu ya dakika

Tuanze na hesabu ambayo hatukuifanya siku ile. Kilometa 55 kwa mwendo wa 80 kwa saa ni dakika 41. Kwa mwendo wa 100, ni dakika 33. Kwa mwendo wa 120, ni dakika 27 na nusu. Kwa mwendo wa 140, ni karibu dakika 24. Basi tofauti ya mwenda 140 na mwenda 100, tangu Koboko hadi Arua, ni dakika tisa na ushei, tena kwa sharti kwamba njia nzima asikutane na lori wala kona, wala soko, wala ng'ombe, wala matuta. Njia ya namna hiyo haiko West Nile. Kwa kweli dakika anazookoa mwenda mbio huwa nne au tano, na mara nyingi huzipoteza zote katika foleni ya kuingia mjini Arua, akiwa amesimama nyuma ya gari lile lile alilolipita kwa kishindo huko Maracha.

Kwa mtu aendaye harusini, au mfanyabiashara aendaye kuchukua mzigo, dakika nne hazina thamani yoyote ya kuhatarishia maisha. Kwa mama anayevuja damu zaweza kuwa na thamani. Hapo ndipo ugumu wa swali ulipo, nasi hatutaki kuukimbia. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, lakini ni wahenga hao hao waliosema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali zote mbili ni za kweli, na mwenye hekima hana budi kujua ni ipi inayohusu saa aliyo nayo.

Hesabu ya breki

Hesabu ya pili ni ya kusimama. Tuchukue gari lenye breki nzuri na tairi zisizolika, juu ya lami kavu, na dereva mwepesi anayetumia sekunde moja tu tangu kuona hatari hadi kukanyaga breki. Akiwa katika mwendo wa 50, atasimama baada ya mita zipatazo 28. Katika mwendo wa 80, mita 57 au 58. Katika mwendo wa 100, mita 83. Katika 120, mita 113. Katika 140, mita 147, yaani karibu mara moja na nusu ya urefu wa uwanja wa mpira. Ikinyesha mvua, au tairi zikiwa kipara, au gari likiwa limejaza watu na magunia, hesabu hizo zote huzidi.

Wengi hudhani kwamba kuongeza mwendo kidogo huongeza hatari kidogo. Sivyo. Nguvu ya gari linalokwenda haiongezeki sawasawa na mwendo, bali huongezeka kwa mraba wake; mwendo ukiwa maradufu, nguvu huwa mara nne. Gari la 140 lina karibu maradufu ya nguvu ya gari la 100. Tufikiri hivi: dereva wawili wanaona mtoto mita 83 mbele yao kwa wakati mmoja. Aliyekuwa katika mwendo wa 100 atasimama miguuni pa mtoto. Aliyekuwa katika mwendo wa 120, mahali pale pale ambapo mwenzake amekwisha kusimama, bado atakuwa akienda kilometa zaidi ya 70 kwa saa. Aliyekuwa katika 140 atampita mtoto yule akiwa bado na mwendo upatao 108. Huyo hakusimama, ameanza tu kupunguza.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba wastani wa mwendo barabarani ukizidi kwa asilimia 1, hatari ya ajali zenye kuua huzidi kwa asilimia 4. Shirika hilo, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani. Kwetu Uganda, taarifa za Polisi zilionyesha vifo 4,806 kwa mwaka 2023, na vifo 5,144 kwa mwaka 2024. Hiyo ni sawa na watu 14 kila siku iendayo kwa Mungu. Jeshi likipoteza askari 14 kwa siku moja, taifa zima huomboleza. Barabara ikipoteza idadi hiyo hiyo, twasema ajali haina kinga, tukaendelea na safari.

Kikomo cha mwendo ni ahadi

Kanuni zetu za trafiki ziliweka kilometa 50 kwa saa ndani ya miji, 100 kwa motokaa ndogo katika barabara za lami nje ya miji, na 80 kwa mabasi na malori makubwa. Siku za karibuni pamewekwa 30 katika baadhi ya mahali penye waendao kwa miguu wengi. Mwezi Juni 2025 serikali ilipoanza kutumia kamera na faini za papo kwa papo, aliyepita kikomo kwa kilometa zisizozidi 30 alitozwa shilingi 200,000, na aliyepita zaidi ya hapo alitozwa 600,000. Malalamiko yalikuwa mengi, hasa juu ya sehemu za 30, na mfumo huo ukasimamishwa mwezi huo huo ili uangaliwe upya. Wananchi walikuwa na haki ya kuhoji faini na vibao. Lakini mabishano yale yote yalikuwa juu ya fedha za dereva, na machache mno yalikuwa juu ya mtu avukaye barabara.

Mtu huyo ndiye mwenye haki ya kwanza katika jambo hili. Mtu mzima huvuka barabara ya upana wa mita 7 kwa sekunde tano au sita. Anapoliona gari umbali wa mita 200, hana kipimo cha mwendo mkononi. Hukadiria kwa mazoea. Gari likiwa katika mwendo wa 80, ana sekunde tisa, naye huvuka salama. Gari likiwa katika mwendo wa 140, ana sekunde tano tu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mvulana wa Maracha. Alituamini. Aliamini kwamba tunakwenda kama magari mengine yaendavyo, na imani hiyo ndiyo iliyomwingiza barabarani.

Kwa hiyo sisi twaona kwamba kikomo cha mwendo, licha ya kuwa amri ya serikali kwa dereva, ni ahadi ambayo madereva wote kwa pamoja wamewapa wasio na magari: kwamba ukituona tuko mbali kiasi hiki, waweza kuvuka. Anayekwenda mbio huivunja ahadi hiyo bila kumwarifu aliyeahidiwa. Hilo ndilo kosa lenyewe, hata ikiwa hakumgonga mtu yeyote siku hiyo.

Udhuru usiokubalika

Udhuru wa kwanza wa wapenda mbio ni ustadi. Husema: mimi ni dereva hodari, sheria hii iliwekwa kwa ajili ya wasiojua. Tuwatazame basi wanaojua kwelikweli. Mashindano ya Safari Rally yalianzishwa mwaka 1953, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika katika barabara zenye magari mengine na wenyeji. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyashinda mara tano, mwaka 1973 na kisha mfululizo tangu 1979 hadi 1982. Mashindano hayo yaliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, mbio zenyewe zilifanyika katika njia zilizofungwa, watazamaji wakiwekwa kando. Madereva walio hodari kuliko wote duniani hawakimbii mpaka barabara ifungwe, maana wajua kwamba ustadi wa dereva haumsaidii mtoto atokaye kichakani. Anayejiita hodari na hali anakimbia katikati ya soko la Maracha hajaufikia ustadi bado.

Udhuru wa pili ni mfano wa Ujerumani, ambako sehemu kubwa ya barabara kuu za nchi hiyo hazina kikomo. Ni kweli, ingawa serikali yao imewashauri madereva wasipite 130. Lakini barabara hizo zina uzio sehemu nyingi, njia za kwenda zimetengwa na za kurudi, na hairuhusiwi baiskeli, wala mtu wa miguu, wala mnyama. Mwendo peke yake si dhambi. Mwendo huwa dhambi pale unapowakuta wasio na kinga. Barabara ya Arua hadi Koboko ni barabara kuu, lakini vilevile ni njia ya shule, ya kisima, ya kanisa na msikiti, na ni uwanja wa soko. Haiwezi kupewa mwendo wa Ujerumani kabla ya kupewa uzio wa Ujerumani.

Udhuru wa tatu ni ukubwa. Wapo watu wenye vyeo, wa kiraia na wa kijeshi, ambao hudhani kwamba king'ora ni sehemu ya cheo. Tuseme wazi, maana nasi tu watu wa sare: mkutano unaoanza saa nne si hali ya hatari. Aliyechelewa kuamka hana haki ya kumfidia mkutano wake kwa miguu ya watoto. Kila king'ora kinachopigwa bila sababu huwafundisha wananchi kukipuuza, na siku gari la wagonjwa lipitapo kwa haki, hakuna atakayelipisha.

Milango miwili

Je, basi hakuna hata siku moja ambapo kukimbia ni wajibu? Ipo. Sisi twaijua milango miwili.

Mlango wa kwanza ni wa vita. Katika miaka ya 1990, kundi la waasi la West Nile Bank Front lilipokuwa likivizia magari katika barabara za Arua, Koboko na Aringa, dereva aliyefyatuliwa risasi hakuwa na sababu ya kutazama kibao cha mwendo. Fundisho la kijeshi ni wazi: gari lililonaswa katika shambulio la kuvizia, ikiwa njia iko wazi, litoke katika eneo la mauaji kwa nguvu zote, kwa kuwa kusimama ni kufa. Lakini tutazame masharti yake. Hatari ni ya hakika na iko pale pale. Barabara imekwisha kukimbiwa na watu. Mbio hizo ni za mita mia chache, mpaka risasi zisipofika. Baada ya hapo msafara hurudia mwendo wake, na mwendo wa msafara wa kijeshi siku zote hupimwa kwa gari lililo zito kuliko yote, si kwa lililo jepesi. Kundi lile lilivunjwa nguvu mwaka 1997, na mwaka 2002 mkataba wa amani na kundi la UNRF II ulitiwa sahihi Yumbe. Vita vimekwisha West Nile. Lakini baadhi ya madereva bado wanaendesha kana kwamba wanaviziwa.

Mlango wa pili ni wa uhai unaotoweka: gari la wagonjwa, gari la zimamoto, polisi walio katika kazi ya dharura. Nchi nyingi huyaachilia magari hayo kikomo cha mwendo. Uingereza, kwa mfano, iliweka hivyo katika sheria yake ya mwaka 1984, pale ambapo kufuata kikomo kungezuia kazi iliyokusudiwa. Lakini ruhusa hiyo haimwondolei dereva wajibu wa uangalifu. Akimgonga mtu kwa uzembe, hawezi kujificha nyuma ya mgonjwa aliyembeba.

Kwa mafunzo hayo, na kwa kosa letu wenyewe, tumejiwekea maswali matano ambayo kamanda yeyote wa gari, au baba yeyote aliyembeba mwanawe mgonjwa, apaswa kuyajibu kabla hajasema "kanyaga."

La kwanza: je, dakika ninazozitafuta zitaokoa uhai, au zitaokoa aibu yangu tu? La pili: je, nimekwisha kufanya yote yanayookoa muda bila kumhatarisha mtu, kama kupiga simu mbele, kuandaa damu, kuomba gari la wagonjwa likutane nami njiani? La tatu: je, gari langu laonekana na kusikika kuwa ni la dharura, hata mtu avukaye apate onyo? Gari lisilo na king'ora liendalo mbio halina tofauti na gari la mlevi machoni pa mtoto. La nne: je, hapa nilipo ni pa kukimbia? Katika kilometa tano zilizonyoka zisizo na nyumba, huenda ndiyo; penye soko, shule, kona au giza, hapana, hata kama mgonjwa anakata roho. La tano: je, niko tayari kuandika kwa mkono wangu kwamba amri ilikuwa yangu, na kusimama mbele ya yeyote niliyemdhuru?

Siku ile tulikuwa na jibu jema kwa swali la kwanza peke yake. La pili lilijibiwa na mkunga, si sisi. La tatu na la nne hatukuyafikiri kabisa. La tano tulilijibu baadaye, na kwa kuwa tulilijibu baadaye, halikumfaa mvulana yule.

Jibu letu

Basi twasema hivi. Kupita kwa mbali mwendo wa sheria kwaweza kuwa wajibu, lakini mara chache mno, kwa umbali mfupi, kwa gari lililotangazwa, mbele ya barabara iliyo wazi, na kwa ajili ya uhai wa mtu mwingine. Anayekwenda mbio kwa ajili ya nafsi yake hajaugusa mlango huo. Na anayekwenda mbio kwa ajili ya mwingine asisahau kwamba njiani wamo watu wengine tena, ambao hakuna aliyewauliza kama wanakubali kuingizwa katika hatari hiyo.

Jambo la mwisho ni kwamba mbio za barabarani aghalabu ni deni la mambo yasiyofanywa mapema. Hospitali yenye akiba ya damu iliyo karibu, gari la wagonjwa lenye mafuta na dereva aliyefunzwa, wakunga wanaopewa heshima na vifaa, simu inayopokelewa usiku: hivyo huokoa dakika nyingi kuliko mguu wowote juu ya mafuta. Vijana wa Arua, Maracha na Koboko, tena nasi askari, tujitokeze kuchangia damu kabla haijaombwa kwa machozi. Wenye mabasi wawape madereva ratiba ambayo mwendo wa 80 waweza kuitimiza. Wazazi na walimu wawafundishe watoto kusimama, kutazama na kungoja, kwa kuwa si kila gari litakalotimiza ahadi.

Na yule mzee wa Maracha, kama makala haya yatasomwa mbele yake, jibu letu ni hili: Ndiyo, mzee, huyo naye ni mtoto wa mtu. Tulipaswa kulijua hilo kabla ya kuondoka Koboko.